Haidrojeni, Yaka na Sigiri: Maswali ya Jikoni Yanayoulizwa Katwe

Ukiingia Katwe, hapa Kampala, asubuhi, nyundo unazisikia kabla hujaona karakana. Mapipa ya mafuta yanapasuliwa, bati linanyooshwa, linakatwa, linakunjwa, na kufikia saa sita mchana limeshakuwa sigiri za mkaa zilizopangwa kando ya barabara zikisubiri mnunuzi. Katika karakana moja, fundi aliyekuwa akitoboa matundu ya kudondoshea majivu aliweka patasi chini akaniuliza swali ambalo nimekuwa nikilisikia mara nyingi siku hizi. Mpwa wake aliyeko Uingereza alimtumia ujumbe wa sauti kwamba huko nyumba zitapashwa joto kwa haidrojeni, gesi inayotolewa kwenye maji. Sasa alitaka kujua: je, na sisi tunaletewa? Na ikija, nani atanunua sigiri?

Nilimjibu nilivyoweza tukiwa tumesimama, lakini jambo lenyewe linahitaji nafasi zaidi. Haya ni maswali yake pamoja na ya wapangaji na mama lishe wa mitaa hii.

Je, serikali ya Uganda ina mpango wa kutuletea haidrojeni jikoni?

Hapana. Hakuna bomba linalochimbwa, hakuna mtungi unaoandaliwa, hakuna bei iliyotangazwa. Kampala haina hata mtandao wa mabomba ya gesi ya kawaida ambao haidrojeni ingeweza kupitishwa. Mtu akikwambia kwamba wizara inaandikisha majina ya watakaopewa majiko ya haidrojeni, usimpe jina lako, na pesa ndiyo kabisa usimpe.

Haidrojeni imo katika mazungumzo ya nishati Uganda, lakini kwa kazi nyingine, na nitaifikia. Kwa sufuria yako, mambo ambayo sera za serikali zinayagusa ni umeme, gesi ya mtungi na mkaa.

Basi habari hii ya nyumba kupashwa joto imetoka wapi?

Imetoka kwenye nchi za baridi. Uingereza, nyumba nyingi sana hupashwa joto kwa gesi asilia inayofika kwa bomba hadi ukutani. Serikali yao imejiwekea lengo la kuondokana na gesi chafu, ikajiuliza: kwa kuwa mabomba tayari yapo, kwa nini tusiyajaze haidrojeni, ambayo ikiungua haitoi moshi wa kaboni?

Wakataka kujaribu katika kijiji kimoja. Whitby, mtaa ulio karibu na Ellesmere Port, ulichaguliwa kuwa miongoni mwa maeneo ya jaribio, nyumba zipatazo 2,000. Wakazi wengi walikataa. Waliuliza maswali yaleyale ambayo mtu wa Katwe angeuliza: italipuka? Bili itapanda? Mbona hatukuulizwa kwanza? Julai 2023 serikali ikaachana na jaribio la Whitby. Desemba mwaka huohuo jaribio la pili, la Redcar, nalo likasimama kwa sababu haidrojeni ya kutosha ya kulilisha haikupatikana. Lililobaki ni jaribio dogo la Fife, Scotland, la nyumba kama 300.

Kwa hiyo ujumbe wa mpwa haukuwa uongo. Ulikuwa habari ya nchi nyingine, na hata huko kwenyewe jambo limepungua moto. Sisi Kampala hatuna kipupwe cha kutulazimisha kupasha nyumba. Hapa joto la nyumbani maana yake ni jiko: maharage, posho, matooke, chai ya watoto kabla ya shule.

Haidrojeni ni nini hasa?

Ni gesi nyepesi kuliko zote, mara 14 nyepesi kuliko hewa. Haina rangi, haina harufu. Ikiungua inaungana na oksijeni na kinachobaki ni mvuke wa maji. Yaani maji ndiyo majivu ya haidrojeni. Shika hilo vizuri, kwa sababu ulaghai mwingi nitakaousema hapa chini unajificha humo. Kama vile majivu ya sigiri hayawashi moto wa kesho, maji nayo hayawezi kutoa moto mpaka kwanza uyarudishie nishati yote iliyokwisha kutoka, kwa kuyapitishia umeme.

Na umeme huo ni mwingi. Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni kutoka kwenye maji kunakula yuniti 50 au zaidi. Kilo hiyo ukiichoma inakurudishia joto la yuniti 33 hivi. Theluthi ya umeme wako imepotea kabla mwali haujawaka, bado hujaishindilia gesi kwenye mtungi, bado hujaisafirisha, na bado mwali wenyewe haujamwaga nusu ya joto lake pembeni mwa sufuria. Yuniti zilezile 50 zikienda moja kwa moja kwenye jiko la umeme zingepika siku nyingi.

Mafundi wa Katwe wanaijua mitungi mirefu ya chuma, ile ya oksijeni ya kuchomelea, inayobebwa na watu wawili au kuviringishwa kwa kitako. Haidrojeni husafirishwa kwenye mitungi ya aina hiyo, ikiwa imeshindiliwa kwa shinikizo la kama mara 200 ya hewa tunayovuta. Mtungi wa lita 50 wenye uzito wa kilo kama 60 unabeba haidrojeni isiyofika kilo moja. Joto lililomo ndani yake ni kama theluthi ya joto lililo katika mtungi mdogo wa kilo 6 wa gesi ya kupikia, ule ambao mama anaubeba kwa mkono mmoja akishuka kwenye boda. Nilipomweleza fundi hesabu hii alicheka, kisha akaupima kwa macho mtungi wa oksijeni uliokuwa umefungwa mnyororo pembeni, akasema chumba chake hakina hata mahali pa kuusimamisha.

Kuna pia suala la mwali. Mwali wa haidrojeni safi karibu hauonekani mchana. Na haidrojeni inashika moto ikiwa imechanganyika na hewa kwa kiasi chochote kati ya asilimia 4 na 75, wakati gesi ya kupikia inashika kati ya asilimia 2 na 10 hivi tu. Viwanda vinaweza kuishi na tabia hizo kwa sababu vina vitambuzi, matundu ya juu ya kutolea gesi, na watu waliosomea kazi hiyo. Chumba kimoja chenye kitanda, pazia na jiko ni habari nyingine.

Kuna mtu anauza jiko linalotumia maji. Ninunue?

Usinunue. Wako wanaoonyesha jiko lenye chupa ya maji pembeni na mwali wa buluu juu, wakidai unaongeza maji tu. Muulize swali moja: umeme unaingia wapi? Kama upo waya, unachonunua ni jiko la umeme lililopitia njia ndefu na ya hasara. Kama hakuna waya wala betri, basi kuna mafuta au gesi iliyofichwa mahali. Kifaa chenye kuzalisha haidrojeni na oksijeni pamoja katika bomba moja ni cha hatari kuliko vyote, maana mchanganyiko huo unalipuka kwa cheche ndogo na mwali unaweza kurudi ndani ya chupa.

Serikali inaitakia nini haidrojeni, basi?

Mbolea. Hapa ndipo mazungumzo ya kweli yalipo, Uganda na kwa majirani.

Ukiunganisha haidrojeni na naitrojeni ya hewani unapata amonia, na amonia ndiyo mama wa mbolea nyingi za kukuzia. Duniani, haidrojeni hiyo kwa kawaida hutolewa kwenye gesi asilia, kwa hiyo bei ya gesi ikipanda Ulaya, mkulima wa Masaka anaisikia dukani. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei ya mbolea ilipanda kila mahali. Wazo la haidrojeni ya kijani ni kutumia umeme wa maji, jua au jotoardhi badala ya gesi asilia, na kutengeneza mbolea humuhumu ndani.

Mradi unaotajwa zaidi hapa kwetu ni wa kiwanda cha mbolea karibu na bwawa la Karuma, kwenye mto Nile. Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, lilizinduliwa rasmi Septemba 2024, na tangu hapo nchi imekuwa na umeme ambao katika saa nyingi haupati mtumiaji wa kutosha. Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023, wakati wa mkutano wa Afrika wa mabadiliko ya tabianchi uliofanyika Nairobi, na mkakati huo nao unatanguliza mbolea.

Afrika si mgeni wa kazi hii. Karibu na Kwekwe, Zimbabwe, kiwanda cha Sable Chemicals kilipasua maji kwa umeme kwa zaidi ya miaka 40 ili kutengeneza mbolea. Kilikula zaidi ya megawati 100. Mwaka 2015 mitambo hiyo ya kupasua maji ilizimwa, nchi ilipopungukiwa umeme na umeme huo ukatakiwa kwingine. Naitaja habari hii kwa makusudi. Umeme unaopasua maji ni ule ule unaoweza kuchemsha maharage, na mwananchi ana haki ya kuuliza utagawanywaje, hasa pale ambapo nyaya zinapita juu ya paa lake na yeye bado anapuliza mkaa.

Nimeelewa. Sera inayogusa jiko langu ni ipi?

Ni bei ya umeme wa kupikia. Watu wengi niliozungumza nao hawajawahi kuisikia, na hilo linanihuzunisha, kwa sababu ipo na inafanya kazi kila mwezi.

Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA, imegawa bei ya umeme wa nyumbani kwa ngazi. Yuniti 15 za mwanzo za mwezi ni za kumsaidia mtumiaji mdogo, shilingi 250 kila moja. Kutoka hapo hadi yuniti ya 80 unalipa bei kamili, ambayo katika viwango vya Aprili 2025 ilikuwa shilingi 756 na senti kidogo. Kisha linakuja jambo ambalo watu hawalitarajii: kuanzia yuniti ya 81 hadi ya 150 bei inashuka hadi shilingi 412. Ukipita 150 inarudi kwenye bei kamili. Juu ya yote kuna VAT ya asilimia 18 na ada ya huduma ya kila mwezi. ERA hupitia viwango kila robo mwaka, hivyo angalia tangazo la karibuni, lakini mtindo wa ngazi ndio huo.

Mantiki yake ni hii: taa, simu, redio na televisheni zinamalizwa na yuniti 80. Ukipita hapo, huenda umeanza kupika, na serikali inataka upike. Tofauti kati ya 756 na 412 ni shilingi 344. Zidisha kwa yuniti 70 za ngazi hiyo: unaokoa kama shilingi 24,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Kwa mama anayenunua mkaa wa kavera, mfuko mdogo wa plastiki, kila jioni, hiyo ni pesa.

Hesabu ya ngazi huanza upya kila mwezi. Kununua kidogokidogo hakukupandishii bei na kununua kwa mkupuo hakukushushii. Kinachohesabiwa ni jumla ya yuniti ulizonunua mwezi huo. Usidanganyike ukiona mwanzoni mwa mwezi shilingi elfu tano imekupa yuniti nyingi na katikati ya mwezi imekupa chache. Yaka, mita yetu ya kulipia kabla, haijakuibia, umepanda ngazi.

Lakini sisi wapangaji tunatumia Yaka moja. Punguzo hilo tunalipata?

Kwa sehemu ndogo sana, na hapa nina neno la kusema.

Asilimia kubwa ya watu wa Katwe wanaishi kwenye mizigo. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam asidhani nazungumzia magunia: muzigo, kwa Kampala, ni chumba kimoja cha kupanga katika safu ya vyumba vinavyotazamana na ua mmoja. Safu nzima mara nyingi ina mita moja. Vyumba vinane, Yaka moja, na daftari la mchango linalozunguka mlango hadi mlango.

Sasa rudi kwenye ngazi. Punguzo linahesabiwa kwa mita, halihesabiwi kwa familia. Vyumba vinane vinapita yuniti 80 katika siku chache za kwanza, vinapita 150 kabla ya wiki ya pili kwisha, na mwezi wote uliobaki kila mtu analipa bei ya juu. Zile shilingi 24,000 ambazo familia yenye mita yake inaziokoa peke yake, hapa zinagawanywa kwa vyumba vinane: shilingi 3,000 kila kimoja. Yuniti 15 za bei nafuu nazo ni hivyohivyo, chini ya mbili kwa chumba. Kwa maneno mengine, punguzo lililowekwa ili maskini aache mkaa linamfikia vizuri mwenye nyumba yake na mita yake, na linampita mpangaji wa Katwe.

Na kwa kuwa mchango ni sawa kwa wote, anayepika kwa umeme anaonekana mwizi. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya nyua nyingi ni kwamba hakuna pasi, hakuna kuchemsha maji, hakuna jiko la umeme. Nimeishi kwenye ua wa namna hiyo. Mwenye nyumba wetu alikuwa akipita saa moja jioni na kutazama taa nyekundu ya mita inavyopepesa. Ikipepesa haraka, alianza kugonga milango. Simlaumu sana, maana bila kipimo cha kila chumba hakuwa na njia nyingine ya kulinda amani ya ua.

Kuna hatua mbili zinazowezekana. Ya kwanza ni mita ndogo kwa kila chumba, zinazofungwa na fundi wa umeme mwenye leseni baada ya Yaka. Hizi zinamaliza ugomvi kwa sababu kila mtu analipia alichotumia, ila hazileti punguzo, kwa kuwa mbele ya kampuni ya umeme nyumba bado ni mteja mmoja. Ya pili ni kila chumba kuwa mteja kamili. Maombi sasa yanapelekwa UEDCL, kampuni ya serikali iliyochukua usambazaji wa umeme tarehe 1 Aprili 2025 baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme kwisha. Mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuomba au kuridhia kwa maandishi. Wapangaji wakienda kwake pamoja, tena na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, wanasikilizwa kuliko mmoja mmoja.

Ninaloomba kwa wanaopanga sera ni dogo: wahesabu punguzo la kupikia kwa idadi ya familia zilizo nyuma ya mita. LC1 anazijua familia hizo kwa majina.

Jiko lipi la umeme linafaa chumba chetu?

Lile la presha, lenye mfuniko wa kufunga. Linatumia wati kama 1,000, linachemka, kisha linajizima na kujiwasha lenyewe kwa sababu limefungiwa joto ndani. Chungu cha maharage kinaiva kwa chini ya yuniti moja, kwa hiyo unafaidi hata kama unalipa bei kamili. Jiko la bamba lenye waya unaowaka mwekundu linakula wati 1,500 hadi 2,000 muda wote, joto jingi likienda hewani.

Kabla ya kuchomeka lolote, angalia waya. Vyumba vingi vimeungwa kwa waya mwembamba wa taa. Ukipika kwa dakika kumi kisha ukagusa plagi ukaikuta moto, zima. Waya ule utayeyuka siku moja ndani ya dari.

Na gesi ya mtungi? Watu wanaiogopa.

Hofu hiyo ina msingi, lakini gesi ina tabia zinazojulikana, na Katwe ina jambo lake la pekee ambalo maelekezo ya kwenye kipeperushi hayalisemi.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka sakafuni na kukaa kama maji. Sasa, Katwe ni bonde, mafuriko yanatujua, na vyumba vingi vimejengewa kizingiti cha saruji mlangoni kuzuia maji ya mvua yasiingie. Kizingiti hichohicho kinazuia gesi isitoke. Unaweza kufungua mlango na dirisha ukadhani hewa imesafika, kumbe sakafuni pamejaa bwawa usiloliona.

Kwa hiyo mtungi ukae nje kama inawezekana, ndani ya kizimba kilicho wazi chini. Kama lazima uwe ndani, litobolewe tundu usawa wa sakafu kwenye ukuta, lenye wavu wa kuzuia panya. Gesi imetiwa dawa ya kuipa harufu mbaya ya kabeji iliyooza ili ujue imevuja. Ukiisikia, usiwashe taa na usiizime, usiguse simu. Funga vali ya mtungi, toa watu, kisha sukuma hewa ya sakafuni nje kwa ufagio au kipande cha boksi, ukiivusha juu ya kizingiti. Polisi na zimamoto wanapatikana kwa 999 au 112, na piga ukiwa umeshatoka nje.

Mpira wa gesi na regyuleta vinachakaa. Paka povu la sabuni kwenye viungo kila unapobadilisha mtungi. Povu likitoa vipovu, usiwashe. Na usikubali kujaziwa gesi kutoka mtungi mmoja hadi mwingine nyuma ya duka. Anayefanya hivyo hana mizani ya kujua ameacha nafasi kiasi gani, na mtungi uliojazwa pomoni huvimba kwa joto la mchana.

Mkaa umekatazwa au haujakatazwa?

Kupika kwa mkaa hakujakatazwa. Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri namba 3 iliyopiga marufuku ukataji wa miti kwa ajili ya mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi, Acholi na maeneo ya jirani, ambako malori yalikuwa yakisomba msitu kuleta Kampala. Mkaa bado unaingia mjini, lakini bei imekuwa ikipanda, na gunia limevuka shilingi laki moja. Mtu wa kipato cha siku, anayenunua kwa kavera, analipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia.

Moja naomba lisikike kuliko yote niliyoandika juu ya haidrojeni. Usilale na sigiri ndani. Usiku wa mvua watu huiingiza, imebaki makaa mekundu tu bila moshi, wakidhani moshi ndio hatari. Makaa mekundu ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaanza kwa kichwa kuuma na kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Familia nzima inaweza isiamke. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mburute nje kwenye hewa kwanza, na hospitali waambie mapema kwamba alilala na sigiri. Na hata bila vifo vya usiku mmoja, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majiko ya majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wanaoathirika zaidi ni wanawake na watoto walio karibu na jiko.

Na sisi tunaofua sigiri tutakula wapi?

Hili ndilo swali la yule fundi, na ndilo nililolifikiria zaidi. Sera zote za nishati safi nilizozisikia zikisomwa mikutanoni zinamtaja mpishi, mwagizaji wa mitungi na mwekezaji. Sijasikia zikimtaja aliyeshika nyundo. Wakati huohuo, Katwe ndipo Kampala inapokuja ikitaka kitu cha chuma: mashine za bisi, vikaangio vya karanga, mashine za kukandamiza briketi za maganda ya matooke, milango, vitanda vya hospitali.

Sigiri haitatoweka mwaka huu wala ujao. Ile yenye udongo ndani inayookoa mkaa bado inatakiwa. Briketi zinahitaji mashine, na jiko la presha la umeme linahitaji mtu wa kulitengeneza likikatika waya wa joto. Yako mambo ambayo fundi asiyaguse: vali, regyuleta, kujaza mitungi. Hayo yana viwango vya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na mashine za kuyapima. Lakini vizimba, stendi na vichomeo vya taasisi vinavyotengenezwa kwa vipimo vilivyoidhinishwa ni kazi ya chuma kama kazi nyingine yoyote, na wizara ikitangaza zabuni za majiko ya shule inaweza kuzipitishia Katwe.

Niliporudi karakana ile, fundi alikuwa na oda ya mama mmoja anayeuza chakula karibu na Kibuye: kizimba cha mtungi wa kilo 13. Alikuwa ameinua kitako chake kwa futi moja kutoka ardhini na kuacha pande zote nne wazi chini, kwa sababu nilimwambia gesi inashuka. Mama akaja na mtungi wake kuupimisha. Haukuingia, mshikio ulikwama juu. Fundi akautoa taratibu, akauweka kivulini mbali na mashine ya kuchomelea, akachukua msumeno akaanza kukata upya.